Pima Shauri Kabla ya Kulifuata
Somo: Matendo 17:10-12, 1 Timotheo 5:23

Wapendwa, watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa hamu, kisha kila siku wakarudi kwenye Maandiko kuangalia kama aliyosema ni kweli. Mtume mzima anakaguliwa! Na Luka anawasifu kwa hilo.

Sisi wa Malindi hatuwezi kusoma habari hii juujuu. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa msituni Shakahola, na miili ikapita 400, watoto wakiwamo. Watu walifunga chakula mpaka kufa wakitumaini kumwona Yesu. Lakini mafundisho hayakuanzia kwenye njaa. Kwanza shule ni mbaya, halafu hospitali, halafu acheni kazi na jamaa mhamie msituni. Mwalimu kaondolewa, daktari kaondolewa, shangazi kaondolewa. Ikabaki sauti moja tu, iliyokuwa imewafikia wengi kwa televisheni na YouTube.

Paulo hakumwambia Timotheo kwamba tumbo linamuuma kwa kukosa imani. Alimshauri atumie mvinyo kidogo kama dawa (jamani, hapa hatufungui baa).

Basi mtu usiyemjua akikuandikia kwenye simu utupe vidonge vya presha, muulize: unatoka kanisa gani, nani anakujua, nikizidiwa utakuja? Akisema usimwambie mtu, hapo hapo mwonyeshe mchungaji ujumbe huo, na daktari pia, kabla hujaruka hata kidonge kimoja.

Swali la ushirika wa nyumbani: ni nani nyumbani kwako anayeweza kukwambia “hapana” ukamsikiliza?