Arosto Hupita kwa Siku, Kupona Huchukua Miezi

Mraibu wa heroini akiacha ghafla, mwili uliozoea dawa hiyo hupatwa na hali inayojulikana mitaani kwa jina la arosto. Dalili huanza saa 8 hadi 24 baada ya matumizi ya mwisho: miayo, kamasi, jasho, maumivu ya viungo, kutapika na kuharisha. Huwa kali zaidi siku ya 2 na ya 3, kisha hutulia ndani ya siku 10 hivi. Mgonjwa anyweshwe maji ya kutosha wala asiachwe peke yake. Mjamzito asiachishwe ghafla, apelekwe hospitali.

Wengi hudhani arosto ikiisha, maradhi yamekwisha. Sivyo. Hamu ya unga na usingizi wa mang'amung'amu huweza kudumu miezi, ilhali ustahimilivu wa mwili umeshuka. Kipimo kile kile cha zamani chaweza kuzuia pumzi na kuua.

Ndiyo maana, tangu mwaka 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Tiba hii huhitaji mwaka mmoja au zaidi. Familia ya Soga ipange nauli ya kliniki mapema, kwani dozi zikirukwa arosto hurudi.

Nawe mhudumu, kumbuka: rifampisini ya kifua kikuu hupunguza methadoni mwilini. Mgonjwa akilalamika kwamba arosto imerejea, usimwite mwongo; daktari aitazame upya dozi yake.