Kumkatalia Mwombaji wa Nyumba kwa Staha

Somo hili linamhusu kila anayepangisha, awe na chumba kimoja cha uani au nyumba nzima, pamoja na msimamizi anayepangisha kwa niaba ya mwingine. Linamhusu pia mlaji anayetafuta mahali pa kuishi, kwa kuwa anayejua namna anavyostahili kujibiwa huweza kulidai jibu hilo bila ugomvi.

Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

(a) kutambua mipaka ya haki ya mwenye nyumba ya kukataa ombi;
(b) kutoa jibu la kukataa lililo wazi, la kweli na la heshima;
(c) kushughulikia ipasavyo fedha na nyaraka za mwombaji aliyekataliwa.

Mfano wa kujifunzia

Mama mmoja ana nyumba ya vyumba sita Mbagala, Dar es Salaam. Chumba kimoja kimebaki wazi. Kodi yake ni shilingi 80,000 kwa mwezi, nayo hulipwa ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 480,000. Wanakuja waombaji watatu: kijana fundi wa pikipiki, mwanamke muuza vitenge mwenye watoto wawili, na mwalimu aliyehamishiwa shule ya jirani. Moyoni mwake mama ameshamchagua mwalimu. Hata hivyo, kwa kuwa hapendi kumvunja mtu moyo, anawaambia wote watatu neno moja: "Nitawapigia."

Muuza vitenge anamwachia shilingi 50,000 za kushikilia chumba, pamoja na nakala ya kitambulisho chake cha taifa. Siku tisa zinapita. Kwa kuamini kwamba chumba ni chake, ameacha kutafuta kwingine, na mwenye nyumba anakoishi sasa ameshaagwa. Siku ya kumi anakwenda kuuliza, anakuta pazia jipya dirishani na viatu vya mtu mwingine mlangoni.

Mama huyu hakumtukana mtu wala hakukusudia kudhulumu. Alitaka kuwa mpole. Lakini upole wake umemgharimu mwenzake siku tisa za kutafuta, umezuia fedha ambayo ilihitajika mahali pengine, na umemwacha mzazi na watoto wawili wakikabiliwa na mwisho wa mwezi bila pa kwenda. Fundisho kuu la somo hili ni hili: katika kukataa ombi la nyumba, staha ya kwanza ni kumjibu mtu mapema na waziwazi. Maneno mazuri huja baada ya hapo.

Haki ya kukataa na mipaka yake

Mwenye nyumba halazimiki kumpangisha kila anayebisha hodi. Kutangaza kwamba chumba kipo ni kuwakaribisha watu waombe. Hakumaanishi kwamba ameshakubaliana na yeyote. Pamoja na hayo, haki hiyo ina mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni sababu. Ibara ya 12 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inasema kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 13, katika kueleza maana ya ubaguzi, inataja mambo kama kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Mwenye nyumba mwadilifu hukitumia kipimo hicho hata katika uamuzi unaofanyika barazani kwake. Aidha, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ana virusi vya UKIMWI au anadhaniwa kuwa navyo, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu.

Mpaka wa pili ni wakati. Kukataa ombi hufanyika kabla ya makubaliano. Mkishakubaliana kodi, muda na tarehe ya kuhamia, nawe ukapokea kodi, anayebadili nia hakatai tena ombi. Anavunja makubaliano, na anaweza kutakiwa kufidia hasara aliyoisababisha. Asijifariji mtu kwamba hapakuandikwa kitu. Ujumbe wa simu, muamala wa fedha na ushahidi wa waliokuwapo huweza kuonyesha mlichokubaliana.

Mpaka wa tatu ni taarifa za mwombaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Ombi likishakataliwa, lengo la kuwa na nakala ya kitambulisho cha mwombaji limekwisha. Irudishe au uiteketeze, nawe umwambie ulichofanya.

Maandalizi: vigezo kabla ya watu

Kukataa huwa kugumu pale mwenye nyumba anapokuwa hajui anamtafuta mpangaji wa namna gani. Kabla ya kutangaza chumba, andika vigezo vichache vinavyohusu nyumba yenyewe na malipo yake. Mifano ni hii:

1. Kodi na kipindi cha malipo.
2. Idadi ya watu wanaoweza kuishi chumbani, ukizingatia choo, maji na ukubwa wa chumba.
3. Matumizi yanayoruhusiwa, kwa mfano kama biashara ya kupika au kuchomelea vyuma inakubalika uani.
4. Utaratibu wa kuchangia umeme pale ambapo wapangaji wanatumia mita moja ya LUKU.
5. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, au mdhamini, ikiwa unavihitaji.

Msomee kila mwombaji vigezo hivyo hivyo, tena kabla hajatoa nauli ya pili kuja kukiona chumba. Wengi watajiondoa wenyewe, nawe hutalazimika kumkatalia mtu. Maswali kama "Una mume?" au "Kwenu ni wapi?" hayaelezi kama mtu atalipa kodi kwa wakati. Ukiwa na shaka kuhusu uwezo wa kulipa, uliza kuhusu kulipa: kipato kinatoka wapi, na je, mwenye nyumba wa awali anaweza kumsemea?

Usipokee fedha ya kushikilia chumba kutoka kwa mtu ambaye hujaamua kumpangisha. Fedha hiyo humfanya mtoaji aamini kwamba ameshakubaliwa. Ikiwa umelazimika kuipokea, andika hati fupi inayotaja kiasi, tarehe, na siku ambayo itarudishwa endapo ombi litakataliwa.

Hatua za kutoa jibu

Kwanza, taja siku ya jibu wakati wa kuonyesha chumba. Sema: "Nitakujibu Jumatano kabla ya magharibi, iwe ndiyo au hapana." Ahadi ni deni, siku ikifika, jibu hata kama hujaamua, ueleze kwamba hujaamua na utaje siku mpya.

Pili, thibitisha na uliyemchagua, kisha wajibu wengine siku hiyo hiyo. Ikiwa unataka mwombaji wa pili asubiri endapo wa kwanza atajitoa, mwambie ukweli wote: "Wewe ni wa pili. Nitajua Ijumaa. Usiache kutafuta kwingine."

Tatu, jibu mwenyewe. Ujumbe unaopitia kwa dalali hufika umechelewa au umepotoshwa, na dalali anaweza kuwa na sababu zake za kumweka mwombaji katika matumaini. Kama mwombaji aliletwa na dalali, wajulishe wote wawili.

Nne, chagua mahali. Anayekuja ana kwa ana asijibiwe mbele ya wapangaji wanaofua uani. Msogeze pembeni, na kama amekuzidi umri, mwamkie kwanza ndipo useme lako.

Tano, sema neno la kukataa lisikike kuwa ni la kukataa. "Tutaona," "Subiri kidogo" na "Mungu akipenda" huleta matumaini kwa mtu anayehitaji nyumba. Neno "sitaweza kukupangisha" linatosha.

Je, utoe sababu?

Si lazima kutoa maelezo marefu. Ukitoa sababu, iwe moja, iwe ya kweli, na ihusu chumba au utaratibu wa malipo badala ya tabia au maumbile ya mtu. "Chumba hiki ni cha watu wawili, nanyi mko watano" ni sababu ambayo mtu anaweza kuipokea, hata ikimuuma. "Watu wa kwenu mna fujo" ni tusi na ni ubaguzi.

Jiepushe na uongo wa kumpunguzia mtu uchungu. Ukisema chumba kimejaa, na kesho yake dalali akamleta ndugu yake kukiona, utakuwa umemkatalia mara mbili. Njia ya mwongo ni fupi. Usitaje pia habari za mwombaji uliyemchagua, kama vile kazi yake au mshahara wake. Hizo ni siri zake. Wala usimsambazie sifa mbaya mwombaji uliyemkataa kwa wenye nyumba wenzako.

Ikiwa kasoro inaweza kurekebishwa, kwa mfano barua ya serikali ya mtaa haijaletwa, mweleze hivyo na umpe siku ya mwisho. Huko si kukataa, na usikutumie kama njia ya kumchosha mtu hadi aondoke mwenyewe.

Vielelezo vya majibu

Ujumbe wa simu:

"Habari za leo, dada. Ni mama mwenye chumba cha Mbagala. Nashukuru kwa kuja kukiona Jumamosi. Sitaweza kukupangisha, kwa kuwa nimekubaliana na mwombaji mwingine. Shilingi 50,000 zako nimezirudisha sasa hivi kwa namba hii; tafadhali hakikisha zimefika. Nakala ya kitambulisho chako nimeichana. Nakutakia heri, upate mahali pazuri wewe na watoto."

Barua, kwa aliyeomba kwa maandishi:

"Ndugu,
YAH: OMBI LA KUPANGA NYUMBA
Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ombi lako nimelipokea na kulisoma pamoja na maombi mengine. Nasikitika kukujulisha kwamba sitaweza kukupangisha nyumba hiyo. Nyaraka ulizoambatisha ninakurudishia pamoja na barua hii, na sikubaki na nakala yoyote. Nakushukuru kwa muda wako na nakutakia mafanikio."

Vielelezo vyote viwili vina mambo manne: shukrani, neno la kukataa, marejesho, na kumtakia heri. Havina ahadi ambayo mwandishi hatarajii kuitimiza. Mwombaji akisihi, rudia uamuzi wako mara moja kwa maneno yale yale, kisha uage. Majadiliano marefu humfanya adhani kwamba mlango bado u wazi.

Kwa mlaji unayetafuta nyumba

Uliza siku ya jibu kabla ya kuondoka. Usiage unakoishi, wala kuacha kutafuta, kabla hujapata makubaliano ya maandishi. Usitoe fedha bila hati, na unapolipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa muamala. Ukikataliwa, una haki ya kudai fedha yako na nyaraka zako. Huna haki ya kulazimisha sababu, isipokuwa unapoona dalili za ubaguzi.

Fedha isiporudishwa, anza kwa ombi la maandishi lenye tarehe, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Upatanishi unaweza pia kutafutwa katika baraza la kata. Aliyepokea fedha kwa chumba kisichokuwapo, au ambacho si chake, ametenda jambo la kuripotiwa polisi. Malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya nakala za kitambulisho hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Jipime

1. Mwenye nyumba amepokea kodi ya miezi sita, kisha anapata mtu anayetoa zaidi. Je, anaweza kusema "nimekataa ombi lako"? *Jibu: Hapana. Makubaliano yameshafanyika.*

2. Mwombaji ana watoto wanne na chumba ni kimoja. Je, idadi ya watu ni sababu inayokubalika? *Jibu: Ndiyo, ikiwa kigezo hicho kilitajwa mapema na kinatumika kwa waombaji wote.*

3. Mwenye nyumba amekaa kimya wiki mbili akiamini kwamba mwombaji "ataelewa mwenyewe". Amekosea wapi? *Jibu: Amemfanya mwenzake apoteze muda wa kutafuta kwingine.*

Turudi Mbagala. Kama mama yule angetuma ujumbe jioni ya siku ya pili, muuza vitenge angesikitika usiku mmoja. Asubuhi yake angekuwa na shilingi 50,000 mkononi, na siku nane za kutafuta ambazo sasa hawezi kuzirudisha.