Kuchagua Ufito Mwepesi wa Kuvulia kwa Fedha Kidogo

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hilo ni kweli shambani, maana mtu mwenye nia hulima hata kwa jembe lililolika. Lakini katika uvuvi wa kurusha chambo kidogo cha bandia halifai sana. Hapo mvuvi hodari mwenye ufito usiofaa hushindwa, na mwanafunzi mwenye ufito uliochaguliwa vema hufaulu. Kwa hiyo ni wajibu wa kila apendaye uvuvi huu kujua anachokitafuta kabla hajatoa fedha mfukoni.

Na tuseme karani mmoja wa Nakuru amejiwekea akiba kwa miezi minne ili anunue ufito wa kuvulia. Aingia dukani, aona ufito mrefu na mnene, adhani kwamba unene ni nguvu na nguvu ndiyo ubora, basi aununua. Jumamosi aenda Naivasha. Chambo chake, ambacho uzito wake ni sehemu ya nane ya wakia, hakiendi zaidi ya hatua kumi, na mshipi wajiviringa kama kiota cha ndege. Jioni arudi nyumbani mikono mitupu, na mkewe amwuliza zile fedha zimekwenda wapi. Mwenye duka hakumdanganya. Ufito ule ni mzuri, ila umetengenezwa kwa samaki wakubwa na chambo kizito. Kosa lilikuwa la mnunuzi, naye angeweza kuliepuka kwa maarifa machache.

Namna mbili za fito

Fito za kurushia chambo ni za namna mbili. Katika namna ya kwanza, rili, yaani chombo cha kukunjia mshipi, huning'inia chini ya ufito. Wakati wa kurusha, kigurudumu chake hakizunguki. Mshipi hujitoa wenyewe kichwani pake. Katika namna ya pili, rili hukaa juu ya ufito, pete za kupitishia mshipi nazo huwa juu, na chini ya mpini huwa na kijikulabu cha kushikia kidole, mfano wa kile cha bunduki. Wakati wa kurusha, kigurudumu cha rili hii huzunguka na kutoa mshipi. Rili za jinsi hii zilianza kutengenezwa na mafundi wa saa wa Kentucky, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, na mmoja wa wa kwanza aliitwa George Snyder. Somo hili ni la namna hii ya pili.

Faida yake kubwa ni shabaha. Kidole gumba hukaa juu ya kigurudumu, na mvuvi aweza kukizuia pole pole, au kukisimamisha kabisa chambo kikiwa bado hewani. Faida hiyo huonekana wazi katika Ziwa Naivasha. Humo mna samaki aina ya besi mwenye mdomo mpana, ambaye aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Samaki huyu hupenda kujificha ukingoni mwa mafunjo na chini ya magugu yaeleayo, akivizia samaki wadogo na kamba wa maji baridi, wale wa asili ya Louisiana walioingizwa ziwani mwaka 1970. Chambo kikianguka hatua moja mbele ya mafunjo, huenda akakifuata. Kikianguka ndani ya mafunjo, ndoana hunasa na chambo hupotea. Kikianguka mbali nayo, samaki hakioni.

Kwa nini chambo chepesi ni kigumu kurusha

Mtoto mdogo hawezi kuuvuta mkokoteni uliojaa mawe. Chambo chepesi ni yule mtoto, na kigurudumu cha rili ni ule mkokoteni. Chambo kikirushwa, lazima kikivute kigurudumu mpaka kianze kuzunguka. Kigurudumu kikiwa kizito, tena kimejaa mshipi mnene, chambo hushindwa. Na kigurudumu kizito kikiisha kushika mwendo hakitaki kupunguza. Chambo kikianza kulegea hewani, kigurudumu huendelea kutoa mshipi usio na pa kwenda, nao hujiviringa na kufanya fundo.

Ufito nao una sehemu yake. Kila mtoto aliyechezea manati ajua kwamba mpira mgumu usiovutika hautupi jiwe. Ufito hufanya kazi kama mpira ule. Uzito wa chambo hupaswa kuupinda kidogo unapopelekwa nyuma, kisha ufito hujinyosha na kukitupa chambo mbele. Ufito mgumu haupindwi na chambo cha gramu 4, na ufito usiopinda hautupi.

Kusoma maandishi ya ufito

Karibu na mpini wa ufito huwa na maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi hawayatazami. Nayo ndiyo ushauri wa mtengenezaji mwenyewe, tena hautozwi bei.

Kwanza hutazamwa herufi za nguvu. UL ni ufito mwepesi kabisa, L ni mwepesi, ML ni kati ya mwepesi na wa wastani, na M ni wa wastani. Kwa chambo kidogo yafaa kuchagua L. Anayerusha chambo vidogo mno atachukua UL, na anayechanganya vidogo na vya wastani atachukua ML. Lakini herufi hizi hazina kipimo kimoja. L ya kiwanda kimoja huweza kuwa ngumu kuliko ML ya kiwanda kingine.

Kwa sababu hiyo hutazamwa pili uzito wa chambo, ambao huandikwa kwa wakia au kwa gramu. Wakia moja ni kama gramu 28. Ufito ulioandikwa wakia 1/16 hadi 1/4, yaani yapata gramu 2 hadi 7, wafaa sana kwa somo hili. Mvuvi na achague ufito ambao chambo chake cha kila siku kimo katikati ya kipimo hicho, si mwanzo wala mwisho. Mwenye kutumia chambo cha sehemu ya nane ya wakia asinunue ufito ulioanzia hapo hapo. Na aununue ulioanzia chini yake.

Tatu hutazamwa nguvu ya mshipi, ambayo huandikwa kwa ratili. Kwa ufito huu mshipi wa ratili 6 hadi 10 watosha. Mshipi mwembamba hupita kwa urahisi katika pete na haukizidishii kigurudumu uzito.

Nne ni urefu. Futi 6 hadi 6 na nusu zatosha kwa mtu asimamaye ndani ya mashua au kando ya bwawa. Mpini uwe mfupi, ili mkono uzunguke bila kugonga kiwiko.

Nyuzi za kioo au kaboni

Fito za siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kioo, au kwa kaboni, au kwa mchanganyiko wa vyote viwili. Kaboni ni nyepesi na humfikishia mvuvi mkononi kila mguso wa samaki. Lakini huvunjika upesi ikigongwa kwenye jiwe au ikibanwa na mlango wa gari. Nyuzi za kioo ni nzito kidogo, lakini ni imara, tena hupinda kwa urahisi hata kwa uzito mdogo. Mtu mwenye fedha kidogo asiudharau ufito wa nyuzi za kioo, wala ule wa mchanganyiko. Akisafiri kwa basi au kwa baiskeli, uimara huo utamfaa kuliko wepesi.

Kuukagua ufito dukani

Mnunuzi asione haya kuukagua ufito mbele ya mwenye duka. Auziwaye ng'ombe hutazama meno, na hakuna amlaumuye.

Na aufunge ufito, kisha autazame kwa jicho moja kutoka mpinini hadi nchani. Uwe umenyoka, na pete zote ziwe katika mstari mmoja. Kisha ahesabu pete. Kadiri ifaayo ni pete moja kwa kila futi, na moja zaidi nchani. Basi ufito wa futi 6 uwe na pete zisizopungua 7. Pete zikiwa chache, mshipi hugusa ufito, na nguvu haienei sawasawa.

Kisha achukue kipande kidogo cha pamba akipitishe ndani ya kila pete. Pamba ikinasa nyuzi zake, pete ile ina ufa au ukwaruzo usioonekana kwa macho, nao utaukata mshipi. Ikiwa ufito ni wa vipande viwili, aunganishe vipande na kuutikisa. Maungio yasilie wala yasicheze. Ufito wa vipande viwili si aibu, na ndio umfaao msafiri.

Mwisho, na aombe ruhusa ya kufunga mshipi na kuning'iniza nchani kitu chenye uzito wa chambo chake, kisha autikise ufito taratibu. Ncha ikipinda kidogo na kurudi upesi, ufito wafaa. Ncha ikikaa kimya kana kwamba hakuna kitu, auache, hata ukiwa wa bei rahisi kuliko yote.

Kugawanya fedha

Hapa ndipo wengi hukosea. Hutoa karibu fedha zote kwa ufito wenye rangi nzuri, kisha hununua rili yoyote kwa masalio. Kwa chambo chepesi hesabu hiyo ni kinyume. Ufito wa bei ya chini uliochaguliwa kwa uangalifu hufanya kazi ya kutosha, lakini rili yenye kigurudumu kizito haiwezi kusaidiwa na ufito wowote. Basi, yafaa kuiwekea rili fungu kubwa. Itafutwe yenye kigurudumu chepesi kisicho na kina kirefu, na yenye breki irekebishikayo. Watengenezaji wa Japani wameendelea sana katika rili za jinsi hii.

Tena ni lazima kusema kweli. Ikiwa fedha hazitoshi kupata rili ya namna hiyo, au ikiwa chambo chote ni chini ya sehemu ya nane ya wakia, ni heri mtu anunue ufito wa namna ya kwanza, ule ambao rili yake huning'inia chini. Huo hurusha chambo chepesi bila taabu na kwa gharama ndogo. Atakosa kidogo katika shabaha, lakini atavua. Na fedha zilizobaki zitanunua mshipi mpya, ndoana, na labda kalamu na madaftari ya watoto.

Kujizoeza

Kabla ya kwenda ziwani, mvuvi na ajizoeze uwanjani kwa kitu kidogo kisicho na ndoana. Kwanza arekebishe breki. Aufungue mshipi huku ncha ikiwa juu. Kile kitu kishuke polepole, na kifikapo chini kigurudumu kisimame. Kikiendelea kuzunguka, akaze breki. Kisha aweke kofia au karai hatua kumi na tano mbele yake, ajaribu kuliangushia humo. Asitumie nguvu, bali aache ufito ufanye kazi. Kidole gumba kikiguse kigurudumu kidogo sana, na kikisimamishe kabla chambo hakijagusa chini. Nusu saa kila jioni kwa juma moja yatosha kuondoa mafundo mengi.

Majini

Mvuvi na aulize ofisi ya uvuvi ya mahali pake kuhusu cheti na sheria kabla ya kuvua, maana kila maji yana masharti yake. Hasa mito ya milimani yenye trauti, samaki walioanza kuletwa Kenya mwaka 1905, isidhaniwe kuwa ina sheria moja na ziwa. Huko Naivasha viboko ni hatari. Mtu asisimame karibu na njia zao ukingoni, wala asiisogeze mashua kwenye kundi lao. Tena kaboni hupitisha umeme. Radi ikianza kunguruma, ufito ulazwe chini na mashua irudi pwani. Wala ufito usiinuliwe kamwe chini ya nyaya za umeme.

Muhtasari wa somo

1. Chambo kipimwe kwanza, ndipo ufito uchaguliwe.
2. Uzito ulioandikwa uaminiwe kuliko herufi.
3. Urefu uwe futi 6 hadi 6 na nusu, na mshipi ratili 6 hadi 10.
4. Pete zihesabiwe na kupimwa kwa pamba.
5. Fungu kubwa la fedha liwe la rili.
6. Mazoezi yafanywe uwanjani kabla ya safari.

Yule karani wa Nakuru, kama angalifuata mambo haya sita, huenda angalitumia fedha pungufu kuliko alizotumia. Ziwa halimpi mtu samaki kwa sababu ufito wake ni wa bei kubwa. Huenda likampa yule ambaye chambo chake huanguka kimya kando ya mafunjo, mahali pale pale alipokusudia.