Kabla kikundi hakijanunua Benzi ya mtumba

Siku hizi swali hili tunaulizwa karibu kila tunapotembelea vijiji: je, tununue gari kubwa la kukodisha kwenye harusi? Kikundi kimeanza na kuku, kikaenda kwa mahema na viti, na sasa kuna pesa kidogo zimelala benki. Halafu anakuja broka na picha kwenye simu. Ni Mercedes ya rangi ya fedha, viti vya ngozi, inang'aa kabisa, na bei yake ni chini ya Toyota ndogo ya miaka ya karibuni. Akina mama wanaangaliana. Mbona gari la wakubwa liuzwe rahisi hivi?

Jibu si gumu. Gari likizeeka bei yake inashuka, lakini bei ya spea zake haishuki nalo. Pampu ya gari lililouzwa ghali likiwa jipya bado ni pampu ya gari la ghali, hata kama gari lenyewe limebaki na thamani ya ng'ombe wachache. Kwa hiyo anayenunua gari kama hili ananunua pia matengenezo ambayo mwenye nalo ameyakimbia. Hatusemi magari haya ni mabaya. Yapo yaliyotunzwa vizuri. Kazi yetu katika somo hili ni kujua jinsi ya kuyatofautisha.

Tutachukua gari moja tu kama mfano, ile Mercedes E-Class ambayo mafundi wanaiita W211. Ilitengenezwa kutoka mwaka 2002 mpaka 2009. Tumeichagua kwa sababu magonjwa yake yanajulikana sana na mafundi wa kila nchi.

Karatasi kwanza, gari baadaye

Watu wengi hukimbilia kufungua milango na kukalia viti. Ni vizuri kuanza na karatasi, kwa maana karatasi zikikataa hakuna haja ya kupanda matatu kwenda mjini.

Muulize mwenye gari namba ya usajili, kisha ufanye utafutaji wa NTSA kupitia eCitizen. Ada yake ni ndogo. Utapata jina la mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Jina la mtu wa tatu likiwa pale, gari hilo lina deni, na mwenye deni anaweza kulichukua hata kama lipo kwenu. Kuna pia rejista ya dhamana iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2017 kuhusu mali inayohamishika. Itazameni hiyo pia, kwa sababu mtu anaweza kuweka gari rehani na bado akatembea na logbuku mfukoni.

Sasa sikilizeni jambo hili. Broka akisema, "Hii imeshuka melini juzi tu kutoka Japani," msibishane naye, hesabuni. Kenya hairuhusu gari la mtumba kuingizwa likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Gari ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza mwaka 2009 haliwezi kuwa limeingia juzi. Limekimbia barabara zetu miaka mingi, na mashimo yetu mnayajua. Tazameni pia herufi za namba. Namba za KDA zilianza mwaka 2020. Ukiona W211 yenye namba ya KD kitu, uliza mara mbili. Inaweza kuwa gari lililokuwa na namba za ubalozi au za serikali likauzwa kwa raia, lakini basi litakuwa na karatasi za kueleza hivyo. Kama hazipo, rudini nyumbani.

Namba ya chesisi kwenye karatasi ilingane na ile iliyochongwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu. Msitosheke na ile iliyobandikwa kwa stika. Kama gari lilitoka Japani na muuzaji bado ana karatasi ya mnada, itazameni vizuri: alama ya R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa, na kilomita zilizoandikwa pale mnaweza kuzilinganisha na za kwenye dashibodi. Mita ya kilomita inarudishwa nyuma kwa kompyuta ndogo kwa muda mfupi tu, kwa hiyo iaminini nusu. Pedali ya breki iliyolika mpaka ikalainika, usukani unaong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea, hivyo havidanganyi kwa urahisi.

Siku ya kuliona gari

Nendeni asubuhi na mapema, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hamjafika. Mkifika wekeni mkono juu ya boneti. Kama ni ya moto, ameliwasha ili kuficha kitu. Njooni siku nyingine.

Kwa nini tunasisitiza injini baridi? E200 Kompressor ya kutoka karibu mwaka 2003 ina injini ambayo cheni yake ya ndani huvutika ikizeeka. Ukiiwasha ikiwa imelala usiku kucha, inagonga-gonga kama mabati kwa sekunde chache, halafu inanyamaza. Ikishapata moto hutasikia kitu. Cheni ikiruka meno, valvu zinagongana na pistoni, na injini imekwisha. E280 na E350 zina injini ya silinda sita, na zile za mwanzo, mpaka karibu mwaka 2006, zina gia moja ndani ya tumbo la injini inayolika mapema. Gia yenyewe si kubwa, lakini kuifikia lazima injini nzima itolewe.

Tazameni moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia ndani ya injini. Fungueni kifuniko cha oili: ukiona utando kama chai ya maziwa, oili na maji vimekutana.

Rejeta ina shida nyingine kwenye magari ya miaka ya kwanza. Ndani yake hupita pia oili ya giaboksi, na rejeta za miaka ile zilikuwa na tabia ya kupasuka kwa ndani, maji yakaingia kwenye giaboksi. Gari linaanza kutetemeka polepole likiwa kwenye mwendo wa kati. Oili ya giaboksi inageuka rangi kama maziwa yaliyotiwa sharubati. Muulize muuzaji kama rejeta imewahi kubadilishwa, na aonyeshe risiti.

Halafu breki. Hapa msione haya kuuliza sana, maana ni maisha ya bibi harusi. W211 za kabla ya mwaka 2006 zina breki zinazoendeshwa kwa umeme na pampu maalum. Kampuni yenyewe iliyaita magari mengi yarudi kukaguliwa mwaka 2004, na tena mwaka 2005 ambapo yaliitwa kama milioni 1.3, na mwaka 2006 ikaacha kuweka breki hizo kwenye E-Class. Pampu ile huhesabu mara ngapi breki imekanyagwa. Ikifika kikomo, taa nyekundu inawaka, na pampu haitengenezwi kwa nyundo na waya chini ya mwembe. Kwa maoni yetu, kikundi cha kijijini kikitaka W211 kitafute ya kuanzia mwishoni mwa 2006 na kuachana na hizi kabisa.

Baadhi ya magari haya yana springi za hewa badala ya chuma. Zikivuja, gari linalala kama ngamia. Pimeni nafasi kati ya tairi na bodi jioni kwa vidole, mrudi asubuhi kupima tena. Likiwa limeshuka upande mmoja, mfuko umepasuka, na pampu yake ya hewa nayo imechoka kwa kufanya kazi bila kupumzika.

Kuna mafundi wanaopitisha sumaku kwenye bodi kutafuta mahali palipojazwa paka. Ni mbinu nzuri, lakini kwenye W211 boneti na mabawa ya mbele ni alumini na sumaku haishiki hata gari likiwa safi. Tumeona mtu akigombana na muuzaji bure kwa sababu hiyo.

Geuzeni ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote za onyo ziwake, kisha zizimike injini ikiwaka. Taa ya injini au ya mifuko ya hewa isipowaka kabisa, kuna mtu ameizima makusudi. Baada ya hapo lipimwe kwa kompyuta, mara mbili: kabla ya kuliendesha na baada ya kuliendesha nusu saa. Mjanja hufuta makosa kwenye kompyuta dakika tano kabla hamjafika, lakini makosa mengi hurudi gari likitembea. Fundi awe wenu, anayeshika Mercedes kila siku, na mumlipe ninyi. Fundi aliyeletwa na broka ni mtu wa broka.

Hesabu ya kikundi

Tuseme gari ni shilingi 900,000. Tuseme linakodishwa mara 20 kwa mwaka, kila mara 15,000. Hiyo ni 300,000. Toa 5,000 kila safari kwa mafuta na dereva, yaani 100,000. Bima tuweke 70,000, na iwe bima ya gari la kukodisha, kwa sababu ukilikodisha kwa bima ya gari la nyumbani, siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa. Sevisi na tairi tuweke 60,000. Kinabaki 70,000 kwa mwaka. Kurudisha 900,000 ni karibu miaka 13, bila pampu hata moja kuharibika. Wekeni namba za kwenu mahali pa hizi zetu, na karibu yake mwandike hesabu ya mahema na viti.

Mkiamua kununua, msisafiri na pesa mkononi. Lipeni kupitia benki, mbele ya wakili, kwa mkataba ulioandikwa, na uhamisho wa umiliki uanzishwe kwenye mtandao siku hiyo hiyo. Sheria ya barabara inatoa siku 14 tu baada ya gari kubadilisha mwenyewe. Na lisiandikwe jina la mwenyekiti. Mwenyekiti ni mtu mzuri, lakini akifariki gari litahesabiwa katika mali yake, na watoto wake hawakuhudhuria mikutano yenu. Kikundi kiwe na cheti chake cha usajili na PIN yake ya KRA, na gari liandikwe kwa jina hilo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nani kati yetu atakwenda kuliona gari, na nani atabaki na pesa? Je, ni watu tofauti?

2. Gari likisimama miezi mitatu kungoja spea, kikundi kitalipa bima na dereva kutoka mfuko gani?

3. Harusi ngapi zilifanyika katika lokesheni yetu mwaka uliopita, na ngapi zilikodisha gari?