Ng'ombe Mkavu si Hasara: Chakula cha Ziada Kabla na Baada ya Kuzaa

Wawekezaji wadogo wengi wa Unguja hununua mtamba mwenye mimba kwa bei kubwa, kisha hubana matumizi pale pale ambapo mtaji unahitaji kulindwa. Ng'ombe akishakaushwa hatoi maziwa, hivyo pumba hukatwa na mnyama huachiwa majani peke yake. Hasara ya uamuzi huo huonekana miezi mitatu baadaye.

Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa kisiwani ulipata nafasi mpya baada ya mbung'o kutokomezwa. Kuanzia 1994 madume tasa yalimwagwa kwa ndege, mbung'o wa mwisho alinaswa 1996, na kisiwa kikatangazwa kuwa salama 1997. Ugonjwa wa nagana ukaondoka. Lishe ikabaki kazi ya mfugaji mwenyewe.

Miezi miwili ya mwisho

Ng'ombe hubeba mimba kwa miezi tisa na hukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa. Ndama hupata sehemu kubwa zaidi ya uzito wake katika miezi mitatu ya mwisho, na wakati huo huo kiwele hujiandaa. Majani ya tembo yaliyokomaa hayatoshi. Chakula cha ziada kianze kwa nusu kilo kwa siku na kipande polepole hadi kilo 2 au 3 karibu na kuzaa. Kukiongeza kwa ghafla huchafua tumbo.

Mchanganyiko rahisi wa kilo 100 ni pumba za mahindi kilo 70, mashudu ya alizeti kilo 27, madini kilo 2 na chumvi kilo 1. Madini yenye chokaa nyingi yasitolewe wiki za mwisho za mimba. Mwili huzoea kuletewa chokaa, ukaacha kuitoa kwenye mifupa, na ng'ombe akizaa huanguka kwa homa ya maziwa. Chokaa iongezwe baada ya kuzaa.

Baada ya kuzaa

Ndama apewe dang'a saa za mwanzo, kwani baada ya siku moja tumbo lake halipokei tena kinga hiyo. Mama naye hufikia kilele cha maziwa ndani ya wiki nane hivi, wakati hamu yake ya kula bado haijarudi sawasawa. Akikosa chakula hula nyama yake mwenyewe, hukonda na huchelewa kupata joto. Ili azae kila mwaka, anatakiwa kushika mimba ndani ya siku 85 hivi. Kila mwezi unaopita bila mimba ni mwezi wa gharama.

Hesabu ya soko

Kwa makadirio, majani mazuri hubeba lita 6 kwa siku. Juu ya hapo, kilo 1 ya chakula huleta lita 2. Ng'ombe wa lita 10 basi anahitaji kilo 2. Kanuni ni hii: bei ya lita 2 ikizidi bei ya kilo 1, chakula kinajilipa, ikiwa chini, mfugaji apunguze chakula, lakini si kwa ng'ombe aliyezaa karibuni.

Pumba nyingi huvuka bahari kutoka Dar es Salaam, na upepo mkali ukichelewesha vyombo, bei hupanda. Mwenye ghala kavu hununua mapema. Asinunue mengi kupita kiasi wakati wa masika: mashudu, hasa ya nazi, huota ukungu haraka, na sumu ya ukungu hupita hadi kwenye maziwa. Gunia lenye harufu ya uvundo lirudishwe hata likiwa rahisi.

Anayenunua mtamba aulize bei, kisha aulize amelishwa nini miezi miwili iliyopita. Mbavu zinazohesabika kwa mbali ni deni ambalo mnunuzi atalilipa yeye.