Uelekeo wa Nje: Neno «outward» na Namna Kiswahili Kinavyolieleza

Neno la Kiingereza «outward» halina kisawe kimoja katika Kiswahili. Mwanafunzi akifungua kamusi hukuta «nje» au «kwa nje», naye hutosheka. Tatizo ni kwamba nje hutaja mahali. Uelekeo hubebwa na kitenzi au na neno jingine linaloandamana nalo.

Tuanze na mfano wenye uzito. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa nchini Kenya mwaka 2008 unaagiza mambo mawili kuhusu milango ya mabweni: inapofunguka iende upande wa nje, na isifungwe na mtu aliye nje wanafunzi wakiwa ndani. Mfasiri asiye makini huandika hivi:

(1) Mlango wa bweni ufunguliwe kwa nje.

Sentensi hii ina maana mbili. Huenda mlango husukumwa kuelekea uani. Huenda pia anayeufungua ni lazima awe amesimama uani. Maana ya pili ndiyo hatari yenyewe iliyokusudiwa kuepukwa, hasa moto unapozuka usiku. Linganisha:

(2) Mlango ufunguke kuelekea nje, wala usifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani.

Hapa kuelekea kumeondoa utata. Zingatia pia kauli ya kitenzi: ufunguke hueleza tabia ya mlango, ilhali ufunguliwe hudai mtenda.

Kitenzi -toka nacho kina mtego wake:

(3) Juma ametoka nje.

Je, Juma yuko nje sasa, au ameingia akitokea huko? Vyote viwili vyakubalika. Mwanafunzi azungumzaye Kiganda ana -fuluma kwa kwenda nje na -va kwa kutokea mahali; wa Kinyarwanda ana -sohoka na -va. Lugha zao zimegawa kazi ambayo Kiswahili kimemtwika -toka peke yake, kwa hiyo mwalimu asishangae wakiuliza maswali mengi hapa. Muktadha husaidia, usipotosha, sema «Juma yuko nje» au «Juma ameingia kutoka nje».

Mara nyingi, hata hivyo, neno nje halihitajiki kabisa. Kauli ya kutendua hubeba uelekeo ndani ya kitenzi chenyewe: chomeka, chomoa, fukia, fukua, pakia, pakua. Kusema *chomoa nje ni kuburura Kiingereza ndani ya Kiswahili.

Matumizi mengine ni mepesi. Sura ya mtu huelezwa kwa «kwa nje»: kwa nje ni mpole. Safari inayotangulia ile ya kurudi ni «safari ya kwenda». «Safari ya nje» ni ya ng'ambo. Kisarufi, nje huchukua upatanisho wa mahali: nje kuna giza, huko nje, hapa nje. *Humu nje haisemwi, kwa kuwa mu- ni ya undani.

Zoezi

Taja maana zote za kila sentensi, kisha iandike upya ibaki na maana moja.

(a) Mwalimu mkuu ametoka nje.
(b) Dirisha hili hufunguliwa kwa nje.
(c) Vitabu vya maktaba vimetolewa nje.