Bosi akiagiza koridoni

Chuoni utafundishwa kuchapa, hatimkato na utunzaji wa kumbukumbu. Kujisimamia mwenyewe unaachiwa ukajifunzie kazini, na huko ndiko wengi wanakoumia. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na makatibu muhtasi na maofisa tawala wanaoanza kazi.

Swali: Bosi ananipa maagizo akiwa njiani kuelekea kikaoni. Jioni akiniuliza, nusu nimesahau. Nifanyeje?

Acha kutegemea kichwa. Tembea na daftari moja, si vikaratasi, ulipigie safu nne: tarehe, aliyeagiza, alichoagiza, siku ya mwisho. Kabla hajaingia kikaoni, mrudishie agizo: "Barua ya halmashauri ijibiwe kesho kabla ya saa sita, nikuletee usaini." Itakuokoa, maana mabosi nao husahau walichosema, na wakisahau lawama huwa si yao. Agizo likishatekelezwa, likate kwa mstari mmoja, lakini libaki linasomeka. Kila asubuhi, kabla hujawasha kompyuta, pitia yasiyokatwa.

Swali: Masjala wanasema jalada liko kwangu, nami nililipeleka uhasibu wiki iliyopita. Kosa la nani?

Lako. Masjala inamjua aliyelichukua; haimjui uliyempa mkono kwa mkono. Ukitaka kulipitisha meza nyingine, waarifu masjala warekebishe kumbukumbu zao, na anayelipokea asaini kwenye daftari lako. Na tafadhali, usichomoe folio eti "mara moja tu" ukatoe nakala. Siku folio 14 itakapokosekana kati ya 13 na 15, atakayetafutwa ni aliyekaa na jalada mara ya mwisho. Kwa mtumishi wa umma Tanzania jambo hili ni zaidi ya unadhifu wa meza: kumbukumbu za serikali zina sheria yake, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Wanaotumia mfumo wa kielektroniki wana nafuu, kwa kuwa mwendo wa jalada unaonekana kwenye skrini. Ila ukimpa mwenzako nywila yako ili "akusaidie kidogo", umerudi palepale. Atakachofanya humo kitasomeka kwa jina lako.

Swali: Fedha ya matumizi madogo naiweka kwenye pochi yangu. Kuna ubaya?

Upo. Itenge kwenye kisanduku chenye kufuli, na vocha uiandike siku hiyohiyo. Taslimu na stakabadhi zikijumlishwa, saa yoyote, zitimize kiasi ulichokabidhiwa.

Swali: Wenzangu wananirundikia kazi zao za kuchapa. Nikikataa, naambiwa nina kiburi.

Usikatae, waonyeshe foleni. "Kaka, nina muhtasari wa kikao wa mkurugenzi hadi saa nane. Yako nitaianza baada ya hapo, labda uzungumze naye akuruhusu utangulie." Wengi huishia kuchapa wenyewe.

Swali: Ujumbe wa kazi unaingia kwenye WhatsApp saa nne usiku. Lazima nijibu?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada ni za makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya kawaida. Kwa hiyo kaa na bosi mchana, mkubaliane lipi ni la dharura na lipi lingoje asubuhi. Ukinyamaza huku unajibu kila usiku, atahesabu kwamba umekubali.

Swali: Naogopa kwenda likizo. Nikiondoka, ofisi itasimama.

Sheria hiyohiyo inakupa siku zisizopungua 28 mfululizo kwa mwaka. Andika makabidhiano ya ukurasa mmoja: barua zinazosubiri saini, majalada yaliyo kwako, kazi zenye siku ya mwisho, funguo ziko kwa nani. Ofisi inayosimama kwa sababu wewe hupo haikupi sifa yoyote. Inaonyesha kwamba mambo yake hukuyaandika popote. Yaandike wiki hii, kisha kajaze fomu ya likizo.